Mbio za mashua ndogo hazina refa, na hapo ndo kazi ya kuandaa inapoanzia

Mtu akiona kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya hizi mashua ndogo za matanga huwa anauliza, refa yuko wapi? Manake unaona mashua sitini zimebanana kwenye mstari mmoja, watu wanapigiana kelele, tanga linakwaruza tanga, na hakuna anayepuliza filimbi. Jibu ni kwamba hayupo. Kamati ipo, majaji wapo, wapimaji wapo, bendera za kila rangi zipo, ila refa yule wa kukimbia na mchezo na kutoa kadi hayupo, na ukishalielewa hilo utaelewa kwa nini makaratasi ni mengi hivi na kwa nini wakati mwingine bingwa anajulikana usiku kwenye kikao na siyo pale kwenye boya la mwisho.

Tuanzie juu. Shirika la dunia la mchezo huu ni World Sailing, lipo tangu 1907 japo limebadilisha jina mara kadhaa, na ndilo linalotoa kitabu cha sheria za mbio ambacho hupitiwa upya kila miaka minne, hiki cha sasa kimeanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 na kinaenda hadi mwisho wa 2028. Lakini msidhani World Sailing ndo wanakuja kutupa maboya majini. Wao wanaipa klasi ya mashua haki ya kuyaita mashindano yake ya dunia, klasi ina chama chake, chama kinachagua klabu mwenyeji, klabu inakaa na shirikisho la nchi yake, halafu mzigo wote wa boti za uokoaji, mafuta, malazi ya majaji na chakula chao unaangukia hapo kwa mwenyeji. Na hao majaji wengi ni watu wa kujitolea, wameomba likizo kazini kwao wakaja kukaa juani siku nzima kwenye boti ya raba wakiangalia wengine wanashindana. Mapenzi hayo bana.

Klasi maana yake ni aina moja ya mashua iliyowekewa vipimo vyake, wote mnaendesha kitu kilekile ili tofauti ibaki kwa mtu na siyo kwa mfuko. Optimist, kile kisanduku cha mita 2.3 alichokichora Clark Mills kule Florida mwaka 1947, ni ya watoto, mwaka unaotimiza miaka 15 ndo mwaka wako wa mwisho, na kwenye mashindano ya dunia nchi hairuhusiwi kuleta zaidi ya watoto watano hata kama ina mabingwa mia. ILCA, ile iliyokuwa inaitwa Laser, bodi, yaani mwili wenyewe wa mashua, ni moja ila matanga ni matatu, mita za mraba 4.7, 5.76 na 7.06, kwa hiyo mtu mwepesi na mtu mzito kila mmoja ana pa kwenda. Halafu kuna 420 na 470 za watu wawili, kuna Snipe ambayo ni mzee wa 1931 na bado watu wanaipigania, kuna 29er na 49er kwa wale wanaopenda kasi na kupinduka.

Sasa kila mashindano yana karatasi mbili kubwa. Ya kwanza ni tangazo la mbio, inatoka mapema sana, ndo inakwambia nani anaruhusiwa kuingia, ada ni kiasi gani, mwisho wa kujiandikisha lini, bima ya kiasi gani, mbio ngapi zimepangwa, ngapi zikikamilika ndo mashindano yanahesabika. Ya pili ni maelekezo ya mbio, hiyo ndo ya kazi yenyewe, ina mchoro wa njia, rangi za maboya, saa ya ishara ya kwanza, muda wa juu kwa anayeongoza kumaliza, wanaofuata wamepewa dakika ngapi baada yake, na saa ambayo siku ya mwisho ikishapita hakuna kuanzisha mbio nyingine hata upepo uwe mtamu vipi. Kwa maoni yangu nusu ya malalamiko yote duniani kwenye mchezo huu yanatoka kwa watu ambao hawakusoma hii karatasi ya pili. Utakuta kijana ana tanga jipya, kocha, mpishi na mtu wa saikolojia, lakini hajui kwamba leo boya la chini limebadilishwa kuwa geti la maboya mawili, na tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye ubao, bendera L ya vipande vya njano na nyeusi ikapandishwa nchi kavu kumwambia nenda kasome, akaiona, akadhani ni pambo.

Kabla ya kugusa maji kuna upimaji. Hiki ni kipande ambacho watazamaji hawakioni na mimi nakipenda kuliko mbio zenyewe, sijui kwa nini. Unaingia ukumbini, tanga linalazwa juu ya meza ndefu, wapimaji wawili mmoja kila upande wanalivuta mpaka mikunjo iishe, wanapima kona hadi kona, wakiridhika linagongwa muhuri na kusainiwa, na tanga lisilo na muhuri huo haliingii kwenye mbio. Bodi inawekwa kwenye mzani ikiwa kavu, ikipungua uzito inafungwa vipande vya kufidia, ubao wa kati na usukani vinapitishwa kwenye kipimo chake. Mpaka nguo zinapimwa! Zamani watu walikuwa wanavaa makoti yanayonyonya maji ili wawe wazito wakining'inia nje upande wa upepo kuizuia mashua isilale, mgongo ukaumia sana humo, kwa hiyo sheria ikaweka kikomo, cha kawaida ni kilo 8 kwa nguo na vifaa vya mtu mmoja. Na namna ya kupima ni ya kuchekesha ila ina akili, nguo zinaloweshwa mpaka zishibe maji, zinatundikwa, zinaachwa zichuruzike dakika moja kamili, ndo zinapandishwa kwenye mzani. Dakika moja, mtu kashika saa, wengine wote kimya wanaangalia suruali inavyodondosha maji. Tangu 2017 kazi ya vifaa ina kamati yake rasmi kwenye kitabu, kamati ya ufundi, imekaa pembeni ya kamati ya mbio na kamati ya mapingamizi.

Asubuhi ya mbio kila mtu anasaini kwamba ameingia majini na jioni anasaini kwamba ametoka, au anachukua kipande chenye namba yake na kukirudisha, inategemea mwenyeji. Ukisahau kurudisha unaweza kuongezewa pointi na watu wanalia sana, lakini fikiria, bila hiyo orodha jua linazama na hujui kama kuna mtoto bado yuko kule nje ameng'ang'ania mashua iliyopinduka. Hapo sina huruma na mtu. Upepo usipokuwepo inapandishwa ile bendera ya AP ya mistari myekundu na myeupe, maana yake subirini, na mnaweza mkasubiri masaa manne mnacheza karata.

Haya, mwanzo wa mbio. Hakuna mstari uliochorwa, kuna boti ya kamati upande mmoja na boya au boti nyingine upande wa pili, mstari ni wa kufikirika kati yao, umewekwa kukabili upepo kadiri inavyowezekana. Dakika 5 kabla inapanda bendera ya klasi na honi moja. Dakika 4 inapanda bendera ya maandalizi. Dakika 1 hiyo ya maandalizi inashuka. Sifuri, bendera ya klasi inashuka, nendeni. Na kinachohesabika ni bendera siyo honi, honi ikigoma mbio imeanza vilevile, kwa hiyo anayesikiliza tu bila kuangalia ameachwa. Tangu 2021 kinachoangaliwa ni bodi ya mashua, siyo mkono wako wala ncha ya tanga, bodi ikiwa imevuka hata kidogo kabla ya ishara umewahi. Ukiwahi na ni mmoja mmoja inapandishwa X nyeupe yenye msalaba wa bluu na honi moja, unarudi unaanza upya na aibu yako. Wakiwahi wengi hata kamati haijui nani ni nani, inapanda ile ya pembetatu ya bluu na njano, honi mbili, wote mnarudi.

Sasa hapo kwenye bendera ya maandalizi ndo kuna siasa. Ikiwa ni P, ya bluu yenye mraba mweupe katikati, uko salama, ukiwahi unarudi tu. Ikiwa ni U, ile ya vipande vyekundu na vyeupe, ukiwa ndani ya pembetatu ya mstari na boya la kwanza katika dakika ya mwisho umetolewa bila kusikilizwa, ila kama mbio ikirudiwa unasamehewa. Ikiwa nyeusi, umetolewa, na mbio ikirudiwa huingii, namba yako inaandikwa kwenye ubao na unaonyeshwa njia ya kurudi. Mimi naona U inatosha kabisa, inatia nidhamu bila kumfukuza mtu aliyesafiri nusu ya dunia kwa sababu ya sentimita ishirini, na kamati zinazokimbilia nyeusi mapema mara nyingi ni zile zilizoweka mstari vibaya, upande mmoja una faida kubwa halafu wanashangaa kwa nini wote wamerundikana huko. Ila nyeusi imeshaandika historia. Olimpiki ya 1996, mbio ya mwisho ya Laser, Robert Scheidt wa Brazil yuko mbele ya Ben Ainslie wa Uingereza kwa pointi chache, bendera nyeusi iko juu, Scheidt akaondoka mapema, Ainslie akamfuata, wote wawili wakatolewa, na kwa kuwa wote wamepata adhabu sawa hesabu ikabaki vilevile na Scheidt akavaa dhahabu. Ni halali? Halali kabisa.

Mkishaanza, sheria za kupishana zenyewe siyo nyingi. Mwenye upepo wa kulia ana haki, mwenye upepo wa kushoto ampishe. Mkiwa upande mmoja wa upepo na mmepandana ubavu kwa ubavu, aliye upande wa joshi, yaani upepo unakotokea, ampishe aliye demani, upepo unakoelekea. Aliye nyuma ampishe wa mbele, anayebisha, yaani anayegeuza mashua ili upepo uhamie upande wa pili, asimwingilie ambaye hajabisha. Kwenye boya kuna duara la kufikirika la urefu wa mashua tatu, anayefika hapo ndani kwanza, au aliye upande wa ndani mkiwa mmepandana, anapewa nafasi ya kuzunguka, na hapo ndo kelele zote za siku zinapotokea, maana kila mtu anaapa kwamba yeye alikuwa ndani wakati duara linaanza. Ukikosea, hakuna wa kukupigia filimbi, unajihukumu mwenyewe, unatoka pembeni haraka na kuizungusha mashua mara mbili hapohapo, au mara moja kama kosa ni kugusa boya tu, kisha unaendelea. Makocha nao hawaruhusiwi kukusaidia. Boti zao zinatakiwa kukaa nje ya eneo la mbio tangu maandalizi mpaka wa mwisho amalize, na akivuruga kocha unaweza kuumia wewe.

Kwa kawaida kuna kitu kimoja tu ambacho majaji wanakikamata palepale majini, nacho ni kujisukuma. Mashua inatakiwa iende kwa upepo na maji, huruhusiwi kulipepea tanga kama bawa, kuitikisa mashua huku na huku, kuusukuma mwili mbele kwa ghafla, wala kuupiga usukani kama kasia. Majaji wanawafuata na boti ya raba, wakikuona wanainua bendera ya njano, wanapuliza, wanataja namba yako ya tanga. Mara ya kwanza unazunguka mara mbili, mara ya pili katika mashindano hayohayo unatoka kwenye hiyo mbio. Wanaoanza mchezo huwa wanaona ni uonevu, wanasema mbona fulani naye alikuwa anatikisa, lakini jaji anaangalia mashua moja kwa wakati na hiyo ilikuwa yako.

Mengine yote yanamalizwa kwa pingamizi. Umeona umeonewa, unapaza sauti hapohapo, "Protesti!", na kama mashua yako haifiki mita 6 hudaiwi bendera nyekundu, sauti inatosha, ila isichelewe, ukikaa dakika tano unatafakari ndo unapiga kelele pingamizi linatupwa mlangoni. Ukifika nchi kavu unajaza fomu kabla ya muda uliowekwa kwisha. Halafu mnaitwa chumbani, majaji wamekaa upande mmoja, nyinyi wawili upande mwingine, katikati kuna meza yenye vimashua vidogo vya kuchezea na kishale cha kuonyesha upepo, unaambiwa haya panga ilivyokuwa. Unapanga. Mwenzako anapanga. Utadhani mlikuwa bahari mbili tofauti. Hapo ndo utajua shahidi mmoja ambaye siyo wa nchi yako wala klabu yako ana thamani kuliko kaka zako watatu. Kwenye mashindano makubwa jopo huwa la kimataifa, angalau watu watano, wengi wao majaji wenye cheti cha kimataifa, kwa kawaida wasizidi wawili kutoka nchi moja, na likiundwa sawasawa uamuzi wake hauna rufaa kwa shirikisho lolote.

Jopo hilohilo ndo linatoa fidia, yaani kukurudishia nafasi uliyoipoteza bila kosa lako, na hapa lazima nimtaje Lawrence Lemieux. Olimpiki ya Seoul 1988, mbio zinafanyika Pusan, yeye ni Mkanada kwenye Finn, klasi ya mtu mmoja, yuko nafasi ya pili, upepo umechafuka, akawaona Wasingapori wa 470 wako majini, akaacha mbio yake akaenda kuwaokoa, akakaa nao mpaka boti ikaja kuwachukua, ndo akarudi kumalizia akiwa nyuma sana. Sheria namba moja ya kitabu kile ni kumsaidia aliye hatarini, siyo ombi ni wajibu, kwa hiyo jopo likamrudishia nafasi ya pili kwa mbio hiyo. Mwisho wa yote alimaliza wa 11 na akapewa medali ya Pierre de Coubertin, ile ya uungwana michezoni. Watu wanaisimulia kama stori ya moyo mwema, na ni kweli, ila mimi huwa naitazama pia kama kitabu cha sheria kikifanya kazi yake, mtu asikae anapiga hesabu ya pointi huku mwenzake anazama.

Nyingine ni ya Olimpiki ya 2008, mbio zikiwa Qingdao. Wadenmark wa 49er, Jonas Warrer na Martin Kirketerp, wanaongoza, wanaenda kwenye mbio ya mwisho, mlingoti ukavunjika. Wakarudi upesi, wakaazima mashua ya Wakroatia, wakaenda na tanga lenye bendera ya Kroatia, wakavuka mstari wa kuanzia kikomo cha dakika 4 kikiwa kimebakiza sekunde tu, wakamaliza wa saba na hiyo saba ikatosha kwa dhahabu. Waspania na Waitaliano wakapinga, shauri likafika hadi mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, likatupwa. Wakroatia nao wakapewa medali ya Coubertin kwa kuazimisha mashua. Sasa ona ni karatasi ngapi ziliamua hapo, kikomo cha kuanza, ruhusa ya kubadilisha kifaa, muda wa kupeleka pingamizi. Mtu ambaye hakusoma maelekezo angekaa chini akalia na mlingoti wake.

Kwenye pointi, anayeshinda ni mwenye chache. Wa kwanza 1, wa pili 2, wa kumi 10, aliyetolewa au asiyemaliza anapata idadi ya walioingia ukiongeza moja. Zikikamilika mbio kadhaa unatupa ile mbaya kuliko zote, na baadhi ya klasi zinakuruhusu kutupa mbili mbio zikiwa nyingi. Hesabu hizi za pointi ndo zilimponza Scheidt kwenye Olimpiki ya 2000 kule Sydney, safari hii Ainslie ndo alihitaji mwenzake amalize nyuma sana, akamkaba tangu mwanzo, akamvuta mpaka mkia wa msafara, wakagongana, Scheidt akatolewa, dhahabu ikaenda Uingereza. Waliokasirika walikasirika, ila kila hatua ilikuwa ndani ya sheria.

Washiriki wakizidi sana wanagawanywa makundi kwa rangi, njano na bluu na nyekundu, na kila jioni yanachanganywa upya kwa kufuata msimamo ili kundi moja lisiwe la vigogo watupu. Baada ya siku za mchujo wa juu wanaenda kundi la dhahabu, wanaofuata fedha, na kuanzia hapo wa mwisho wa dhahabu anahesabiwa juu ya wa kwanza wa fedha hata akifungwa kila siku. Ile mbio ya medali ya watu kumi yenye pointi mara mbili, iliyoingia Olimpiki 2008, mimi sijawahi kuipenda, wiki nzima ya kazi inawekwa kwenye nusu saa karibu na ufukwe ili kamera zione vizuri, lakini naelewa televisheni inalipa.

Na wakilingana pointi? Zinapangwa matokeo ya kila mmoja kuanzia bora kwenda baya, zile za kutupwa hazihesabiwi, wa kwanza kuwa na namba ndogo pale zinapotofautiana anashinda. Zikifanana zote kabisa inaangaliwa mbio ya mwisho nani alikuwa mbele, bado wamefungana wanaenda ya kabla yake. Hiyo hesabu nayo inasubiri muda wa mapingamizi uishe, kwa hiyo ukiona siku ya mwisho viti vimepangwa, vikombe viko mezani na hakuna anayeanza kuongea, ujue kuna watu wawili chumbani bado wanasogeza vimashua.